Edward wa Nne na ndoa zake za kificho: alipenda kweli au tamaa tu?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma mahali kwamba mfalme Edward wa Nne wa Uingereza alimuoa mjane kwa siri, halafu alipokufa watoto wake wakaambiwa ni wa haramu eti kwa sababu baba yao alikuwa ameshaoa mwanamke mwingine kabla. Sasa nauliza, huyu mfalme alikuwa anapenda kweli au ni tamaa tu? Na huyo mke mwingine alikuwepo au walimtunga ili wapate kiti?"

Marahaba dada yangu. Hilo la mwisho ndo limewagombanisha watu wa historia miaka mia tano na kitu na bado hawajamaliza, kwahiyo vumilia nikizunguka kidogo kabla sijafika.

Kwanza umjue jamaa mwenyewe. Edward kazaliwa 28 Aprili 1442 mjini Rouen, Ufaransa, maana baba yake, Duke wa York, alikuwa kazini huko enzi hizo Waingereza wanashikilia Normandy. Machi 1461 anakuwa mfalme ana miaka 18, kampindua Henry wa Sita wa upande wa Lancaster (York na Lancaster ni koo mbili za kifalme zilizokuwa zinagombea kiti), na mwezi huohuo kapigana vita ya Towton kwenye theluji na kushinda. Sasa chukua kijana wa miaka 18, mshindi wa vita, mzuri wa sura, mcheshi, ana kichwa cha kukumbuka majina ya watu mpaka wa vijijini, tena mrefu ajabu (kaburi lake Windsor lilifunguliwa 1789, mifupa ilipimwa ikatoka karibu futi 6 na inchi 4), halafu hana mke. Unategemea nini?

Kuna Mwitaliano mmoja, Dominic Mancini, alikuwepo London mwaka 1483 Edward alipokufa, na aliandika aliyoyasikia mjini. Anasema mfalme alifuata wanawake wa kila aina, walioolewa na wasioolewa, wa mabwana na wa kawaida, ila hakumshika mtu kwa nguvu, wote aliwapata kwa hela na ahadi, na akishawapata anawaacha. Hela na ahadi. Shika hilo neno ahadi dada, maana kesi yote ya baadae imekaa hapo.

Haya, tuje kwa mjane. Anaitwa Elizabeth Woodville, amezaliwa kama 1437 hivi, kwahiyo kamzidi mfalme miaka mitano. Mume wake, Sir John Grey, aliuawa Februari 1461 kwenye vita ya pili ya St Albans, akipigania Lancaster, yaani upande wa maadui wa Edward. Kamwachia watoto wawili wa kiume, Thomas na Richard, na ugomvi wa mashamba na ukweni, manake familia ya mume hawakutaka kumpa kilicho chake. Hadithi tamu inayosimuliwa ni kwamba alimsubiri mfalme chini ya mti wa mwaloni akiwa kawashika wanae mkono, mfalme akipita kuwinda akapigwa na butwaa. Mti wenyewe wenyeji wa huko Northamptonshire wamekuwa wakiuonyesha kwa wageni miaka na miaka. Mimi hiyo siiamini sana, ni ya kupendeza mno. Ushahidi wa karatasi upo wa kitu kikavu zaidi: tarehe 13 Aprili 1464 Elizabeth aliingia mkataba na Lord Hastings, rafiki mkubwa wa mfalme, kwamba Hastings amsaidie kupata haki yake ya ardhi na yeye atamuozesha mmoja wa wanae kwa binti wa Hastings, ambaye wala hajazaliwa! Sasa ukiangalia tarehe, na ndoa inasemwa ilifungwa 1 Mei, yaani wiki mbili na siku kadhaa kabla ya kuwa malkia, mama wa watu bado anahangaika na kesi ya shamba kama mjane mwingine yeyote. Mtu anayejua anaolewa na mfalme hafanyi hivyo. Kwahiyo ama Edward aliamua ghafla kama radi, ama tarehe ya ndoa si hiyo na ilikuwa baadae kidogo, wapo wanahistoria wanaofikiria hivyo.

Alimpataje? Mancini anasimulia kwamba Edward alimtaka, mama akakataa, mfalme akamwekea kisu shingoni, mama akatulia tuli na kusema bora afe kuliko kuishi bila heshima. Kama ni kweli au umbea wa mjini shauri yako, ila umbea wenyewe unatuambia watu wa wakati ule walielewaje: mwanamke alisema ndoa au hakuna kitu. Na mfalme aliyezoea kupewa akakuta mlango umefungwa.

Ndoa yenyewe sasa. Mfalme anaelekea kaskazini na msafara, kalala Stony Stratford, asubuhi anaaga kwamba anaenda kuwinda. Akaenda Grafton kwa kina Woodville. Ndani walikuwepo yeye, bibi harusi, mama wa bibi harusi anaitwa Jacquetta, padri, wanawake wawili, na kijana mmoja wa kumsaidia padri kuimba. Basi. Baba mkwe, Lord Rivers, inasemekana hata hakuambiwa. Baada ya sherehe wakaingia chumbani masaa matatu manne, mfalme akarudi Stony Stratford na kujifanya kachoka na mawindo, akalala. Siku moja mbili baadae akatuma ujumbe kwa baba mkwe kwamba nakuja kukaa kwako siku chache, akakaa nne, na kila usiku mama mtu anamsindikiza binti yake kimyakimya mpaka chumbani kwa mfalme. Mzee kalala zake.

Na hapa kuna kichekesho ambacho nakipenda. Mwaka 1460, kabla mambo hayajageuka, huyuhuyu baba mkwe alikamatwa na watu wa York akapelekwa Calais, akasimamishwa mbele ya taa zinawaka, na mabwana watatu wakamtukana kwa zamu kwamba baba yako alikuwa mtu wa kawaida tu, wewe umepandishwa na mke, huna hadhi ya kutusema sisi wenye damu ya kifalme. Mmoja wa hao watatu alikuwa Edward mwenyewe, kijana wa miaka 17! Miaka minne baadae analala kwa mzee yuleyule anakula chakula chake na binti yake ndo mke. Mdomo huo jamani.

Mwingine aliyekuwepo kwenye matusi yale ni Richard Neville, Earl wa Warwick, binamu wa Edward, na huyu ndo aliyemuweka kwenye kiti kwa jeshi na hela zake. Sasa kiangazi chote cha 1464 Warwick alikuwa mshenga. Kashika posa ya Bona wa Savoy, shemeji wa mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa, mazungumzo yamefika mbali, anasubiri tu bwana harusi aseme ndiyo. Septemba kwenye baraza pale Reading wanambana Edward aseme lini, ndo anawaambia mimi tayari nimeshaoa, nimemuoa Elizabeth binti wa Rivers. Hebu jiweke kwenye viatu vya Warwick, umepeleka barua ya posa kwa watu wazito, umeahidi, umekunywa chai yao, halafu muoaji anakwambia mbele za watu ana mke tangu Mei na wewe hukuambiwa. Tarehe 29 Septemba Warwick na mdogo wake mfalme, Duke wa Clarence, wakamuongoza Elizabeth kwenye kanisa la abasia kuonyeshwa kwa watu. Walitabasamu nadhani. Rohoni sijui.

Na hakuwa Bona peke yake aliyeachwa. Isabella wa Castile, yule ambaye baadae atamlipia Columbus safari, naye aliwahi kutajwa kama mchumba wa Edward, na mwaka 1483, karibu miaka ishirini imepita, balozi wake akaja Uingereza akasema malkia wake alikuwa na kinyongo moyoni kwa vile Edward alimkataa akaenda kuoa mjane wa Uingereza. Miaka ishirini! Mwanamke ni malkia mwenye nchi yake, ana mume na watoto, na bado anakumbuka.

Sasa wengine watakwambia Edward alifanya siasa, alitaka kumuonyesha Warwick nani bosi, alitaka kuwavuta watu wa Lancaster. Mimi nasema hapana, mtu anayefanya siasa kwa ndoa haifichi miezi mitano. Ndoa ya siasa faida yake ni kuonekana. Alienda pale kwa tamaa, hilo nakubaliana na wewe kabisa. Lakini angalia kilichofuata, maana watu wengi wanakiruka. Ndoa ile ilikuwa na mashahidi watano tu, tena wa upande wa mwanamke. Mfalme angeweza kabisa Septemba ile kukana, akasema huyo mama anaota, akamuoa Bona, nani angembishia? Alikuwa na miezi mitano ya kujutia na kila sababu ya kujuta, hela ya Ufaransa, amani, binamu wake mwenye jeshi. Badala yake akasimama mbele ya baraza akasema huyu ni mke wangu. Hapo tamaa imeshatoka nje mlango wa nyuma, kimekuja kitu kingine. Tarehe 26 Mei 1465 akamvisha taji Westminster, na wakazaa watoto kumi, wa kike saba na wa kiume watatu, wa kwanza 1466 na wa mwisho 1480. Mwaka 1475 akienda kuvamia Ufaransa aliandika wosia, akamuweka mkewe kuwa msimamizi wa kwanza na kumtaja kwa maneno ya mapenzi ambayo karani hakulazimika kuyaweka.

Shida ikawa mashemeji. Elizabeth alikuja na ukoo mkubwa, kaka na dada kibao, na wote ikabidi watafutiwe ndoa za hadhi, mabinti wa Woodville wakazoa warithi wa kila nyumba kubwa, na mabinti wa Warwick wawili wanabaki wanaangalia wachumba wanaisha sokoni. Iliyowachoma watu zaidi ni ya Januari 1465, kaka yake malkia, John, kijana wa miaka kama 20, akaozeshwa Katherine Neville, mjane wa Duke wa Norfolk, bibi wa miaka sitini na kitu. Mwandishi mmoja wa wakati huo akaiita ndoa ya kishetani na kumuita bibi harusi "kigori wa karibu miaka themanini", kamuongezea miaka kwa hasira. Na huyo bibi ni nani? Ni shangazi yake Warwick, na ni mama mkubwa wa mfalme mwenyewe, dada mkubwa wa mama yake mzazi. Kila mtu alijua kijana anasubiri mali. Basi Mungu si Athumani, kijana ndo akatangulia, Warwick alipoasi 1469 akamkata kichwa John pamoja na baba yake, na bibi akamzika akaishi mpaka miaka ya 1480.

Uasi wenyewe sitaueleza wote, tutakesha. Kwa kifupi Warwick akaungana na Clarence, akamuozesha binti yake, 1470 Edward akakimbia nchi usiku kwa meli kwenda Burgundy, Elizabeth mjamzito akakimbilia hifadhi kwenye abasia ya Westminster na watoto, na humohumo Novemba 1470 akajifungua mtoto wa kiume wa kwanza, naye akaitwa Edward. Wakati huohuo mama yake Jacquetta ameshasingiziwa uchawi, eti kuna sanamu za risasi, za watu, kazitengeneza kumroga mfalme apende. Ikaitwa kesi, baraza likamsafisha mwanzoni mwa 1470, ila uchafu ukishatupwa ukutani doa linabaki, utaona mbele. Edward akarudi Machi 1471, Aprili 14 pale Barnet Warwick akafa, Mei 4 pale Tewkesbury wa Lancaster wakamalizika. Mshenga aliyeaibishwa kaondoka na maelfu ya watu.

Kwahiyo alitulia baada ya hapo? Thubutu! Mchepuko maarufu kuliko yote ni huyu anayeitwa Jane Shore, na hata jina Jane si lake, alibandikwa na mtunzi wa michezo ya jukwaani zaidi ya miaka mia baadae, yeye aliitwa Elizabeth, binti wa John Lambert mfanyabiashara wa vitambaa London. Kaolewa mdogo na William Shore, naye mfanyabiashara, na mwaka 1476 ndoa ikapelekwa mpaka kwa Papa ibatilishwe kwa sababu jogoo hapandi mtungi, mwanamke anasema nataka kuwa mama na huyu hawezi. Ikabatilishwa. Thomas More alikuja kuandika kwamba mfalme alikuwa akijisifu ana mahawara watatu, mmoja mchangamfu kuliko wote, mmoja mjanja kuliko wote, na mmoja mtakatifu kuliko wote maana kumtoa kanisani ni kazi isipokuwa aitwe kitandani. Huyu Shore ndo yule mchangamfu. Anasema uzuri wake watu waliupenda ila walichokipenda zaidi ni mdomo wake, utani wake, anajua kusoma na kuandika, na kwamba mfalme akimkasirikia mtu huyu mama anamtuliza, wengi walipata msamaha kupitia kwake na hakuomba rushwa kubwa. Wengine wamepita bila kuacha zaidi ya jina, kama yule Elizabeth Lucy.

Hata maadui walijua wapi pa kumkuna. Agosti 1475 pale Picquigny mfalme wa Ufaransa na Edward wamekutana katikati ya daraja kusaini amani (Edward analipwa krauni 75,000 papohapo na 50,000 kila mwaka ili aondoke), Louis akamtania njoo Paris tukutafutie warembo, na nitakupa Kadinali wa Bourbon awe padri wako wa kuungamisha, yule atakuondolea dhambi haraka sana. Edward akacheka mpaka basi, maana alimjua kadinali yule ni mtu wa starehe mwenzake. Louis baadae akapata hofu jamaa asije kweli.

Sasa tufike kwenye swali lako gumu. Edward anakufa ghafla 9 Aprili 1483, hajafikisha 41, amenenepa, anakula anatapika makusudi ili ale tena. Mtoto wake Edward wa Tano ana miaka 12. Baba mdogo, Richard Duke wa Gloucester, anachukua ulezi, anamkata kichwa Lord Hastings Juni 13, mtoto mdogo wa kiume anatolewa hifadhini kwa mama yake, na Jumapili Juni 22 mhubiri Ralph Shaw anasimama London kwenye msalaba wa kanisa la St Paul anatangaza kwamba watoto wa marehemu ni wa haramu. Juni 26 Richard ni mfalme. Januari 1484 Bunge likaweka kwenye sheria: Edward kabla ya Elizabeth alikuwa ameshafunga ahadi ya ndoa na Lady Eleanor Butler, kwahiyo ya Grafton ilikuwa uzinzi, na tena ilifanywa kwa siri chumbani bila kutangazwa, na tena kwa uchawi wa Elizabeth na mama yake. Nilikwambia doa linabaki. Jacquetta alishakufa miaka kumi na zaidi, hawezi hata kujitetea.

Eleanor alikuwepo, hilo halina mjadala. Alikuwa binti wa John Talbot, Earl wa Shrewsbury, yule jemadari wa vita vya Ufaransa, na mjane wa Sir Thomas Butler. Kafariki Juni 1468, kazikwa kwa watawa Wakarmeli mjini Norwich. Sasa angalia vizuri: mjane, kamzidi Edward miaka kama sita, mtu wa dini, na Edward alikuwa na mamlaka juu ya ardhi yake. Huoni ni picha ileile ya Elizabeth Woodville? Mimi hapo ndo kidogo nasita kuwaambia watu ni uongo mtupu, kwasababu kama ungetaka kutunga mke wa kwanza wa Edward ungetunga mtu gani tofauti na huyu?

Na sheria ya kanisa wakati ule ilikuwa rahisi kupita maelezo, na Kiswahili chetu kinaieleza vizuri kuliko lugha nyingi. Mwanaume akimwambia mwanamke "nakuoa" na yeye akasema "nakuoa", imekwisha, ni mke na mume, hakuna padri hakuna shahidi hakuna mahari. Akisema "nitakuoa" ni uchumba tu, ila wakishalala pamoja baada ya neno hilo imegeuka ndoa kamili. Kanisa lilitaka ndoa zitangazwe tangu mtaguso wa 1215, lakini ya siri ilikuwa kosa, haikuwa batili. Sasa mchukue mwanaume ambaye kwa ushahidi wa Mancini anawapata wanawake kwa hela na ahadi, muweke mbele ya sheria kama hiyo... huyo anaweza akawa ameoa mara nne na hajui!

Shahidi alikuwa nani? Philippe de Commynes, aliyekuwa mtu wa mfalme wa Ufaransa, anasema ni Robert Stillington, askofu wa Bath na Wells, alidai yeye ndo aliyewafungisha Edward na Eleanor. Huyu askofu 1478 aliwekwa ndani kwa muda kwa kusema maneno dhidi ya mfalme, mwaka huohuo na karibu na wakati uleule Clarence alipouawa Tower, ngome ya mfalme London, kwa amri ya kaka yake, na watu wanaunganisha, wanasema Clarence alijua siri. Inawezekana. Pia inawezekana ni kuunganisha nukta zisizokuwa na mstari. Kilicho wazi ni kwamba hakuna karatasi hata moja, Eleanor mwenyewe hakuwahi kudai kitu Edward alipomtangaza Elizabeth mwaka 1464 na alikuwa hai, anaweza kuongea, na ukoo wake haukuwa wa kuonewa. Zaidi ya hapo, Januari 1478 mtoto wa Edward, Richard wa miaka minne, aliozeshwa Anne Mowbray wa miaka mitano, na Anne ni mtoto wa dada yake Eleanor tumbo moja! Dada mtu alikubali binti yake aolewe na mtoto wa haramu wa shemeji yake aliyemtelekeza dada yake? Labda hakujua. Labda alijua akanyamaza, taji ni taji.

Watu huwa wananiuliza pia, Eleanor kafa 1468 na watoto wa kiume wamezaliwa 1470 na 1473, si tayari mke wa kwanza hayupo, tatizo liko wapi? Swali zuri ila wanasheria wa kanisa walikuwa na jibu, ndoa iliyoanza kama uzinzi haijirekebishi yenyewe kwa kufiwa, ilibidi wafunge upya, na kwa vile ya kwanza ilifichwa hawakuweza hata kujitetea kwamba hawakujua, maana ukitangaza kanisani ndo unawapa watu nafasi ya kuja kupinga. Lakini pia kesi ya ndoa ilikuwa ya mahakama ya kanisa, siyo ya Bunge, na Richard hakuipeleka kule. Mtu mwenye ushahidi safi anaenda mahakamani.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu. Kwamba Edward alimwahidi Eleanor kitu ili ampate, naona inawezekana sana, ndo ilikuwa tabia yake. Kwamba kiliwahi kuwa ndoa inayoshikika, sijaona cha kunishawishi, na Richard alikuwa na haraka mno. Ila hata kama Richard aliokota uongo, aliuokota mahali ambapo kaka yake aliuacha. Angeoa Westminster mchana kweupe, na ndoa ikatangazwa Jumapili tatu kama mkulima yeyote, hakuna mhubiri angesimama Juni 22 na watu wakasikiliza. Wale watoto wawili waliingia Tower na baada ya kiangazi cha 1483 hawakuonekana tena.

Shore naye hakusalimika. Richard alimtembeza London kwa kitubio, kavaa gauni la ndani, kashika mshumaa, bila viatu, na More anasema alivyokuwa anaona haya uso ukamuiva wanaume waliokuja kuangalia dhambi wakaishia kuangalia mwili. Akafungwa Ludgate. Halafu mwanasheria wa Richard mwenyewe, Thomas Lynom, akampenda humohumo gerezani akataka kumuoa, mfalme akaandika barua kwa askofu amshauri jamaa aachane na wazo hilo, ila akishindikana basi waruhusiwe. Akashindikana. Wakaoana.

Sheria ya Richard haikudumu. Henry wa Saba, wa upande wa Lancaster, alipompiga 1485 aliifuta bila hata kuisoma bungeni na kuamuru nakala zote zichomwe, kwa sababu alitaka kumuoa binti mkubwa wa Edward na Elizabeth, na huwezi kuoa mtoto wa haramu ukajidai umeunganisha koo mbili. Wakaoana 18 Januari 1486. Nakala moja ilisalia kwenye kumbukumbu za Bunge, ndo tunayosoma.

Elizabeth Woodville alifia kwenye abasia ya Bermondsey 8 Juni 1492. Kwenye wosia alisema hana mali ya kumwachia binti yake malkia wala watoto wake wengine, anawaachia baraka tu, na aliomba kitu kimoja, azikwe Windsor na mume wake, bila mbwembwe. Wakampeleka kwa boti usiku kwenye mto Thames, watu wachache kabisa, na waliomsindikiza mmoja wa wanawake kaandikwa Grace, binti wa haramu wa King Edward. Mama yake hatajwi. Kati ya watu wote waliokula kwa huyu malkia, aliyepanda boti ile alikuwa mtoto wa mchepuko.